Mayai Yaliyobaki Meupe

Yai la mbu likitagwa huwa jeupe. Watu wengi hawalijui hilo, na sioni kwa nini walijue, maana mtu akimwona mbu anachowaza ni kofi. Lakini mimi nimelipwa mshahara miaka mingi kwa kuangalia mayai ya mbu, kwa hiyo nina haki ya kulisema. Linatoka jeupe, laini, dogo kama nukta ya kalamu. Ukikaa nalo muda wa kupika wali hivi, linaanza kuwa kijivu, kisha kahawia, mwisho jeusi tii. Likishakuwa jeusi limeshakuwa gumu.

Kinacholifanya hivyo ni kimeng'enya. Mbu jike ndiye anayekiweka kwenye ganda la yai kabla hajataga, kama mzazi anayemfungia mtoto chakula cha safari. Yai likishatoka nje, kimeng'enya kinaanza kazi: kinalikaza ganda na kulitia weusi. Kisipofanya kazi, ganda hubaki jeupe na laini, na yai hunywea, likabonyea, basi. Hakuna kiluwiluwi atakayetoka humo hata ungelisomea dua.

Nimeanza na hayo ili mtu akinisikia nasema nililia kwa ajili ya mayai ya mbu asinione nimerukwa na akili.

Mimi mtu wa Kondoa. Nililetwa Kigoma kikazi nikiwa msichana, nikaambiwa ni kwa muda tu, na muda huo haujaisha mpaka leo. Kituo chetu ni kidogo: ofisi mbili, maabara moja, na nyuma yake chumba cha mbu, chenye joto na unyevu kama bafu ambalo mtu ametoka kuoga sasa hivi. Tunafuga mbu wa hapa hapa ili tujaribu dawa za vyandarua, tuone kama bado zinawaua au wameshazizoea. Ndiyo kazi. Mtaani kwetu Rusimbi watoto waliniita Mama Mbu, na wazazi wao walijifanya kuwakataza.

Mbu wote wa chumba kile walikuwa uzao wa mbu aliowakamata mume wangu. Yeye alikuwa Muha wa Mwandiga, tukifanya kazi kituo kimoja, na kazi yake ilikuwa kukamata. Alfajiri alizunguka nyumba za Ujiji na zile za karibu na mashamba ya mpunga ya Luiche, mkononi ana tochi na kibomba cha kunyonyea mbu ukutani. Alibisha hodi kwa adabu zote: shikamoo mama, nimekuja kuomba mbu. Watu walimcheka. Chukua wote baba, walimwambia, usitubakizie hata mmoja wa mbegu. Akarudi kituoni na vikopo vyake vimefunikwa chandarua, akijisifu kama katoka kuvua migebuka ya kujaza mtumbwi. Hao ndio tuliowafuga, na watoto wao, na wajukuu wao, kizazi juu ya kizazi.

Sisi wenyewe hatukujaliwa mtoto. Tulihangaika hospitali, tukahangaika na kwingine ambako sitaki kukutaja, mwisho tukaacha. Kisha moyo wake ukasimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Waliokuja msibani waliuliza kama ni malaria, kwa sababu ya kazi yetu, na nilichoka kuwajibu kwamba hapana, ni moyo.

Sasa lielewe jambo hili, maana ndilo lote. Mume wangu hakuacha mtoto, hakuacha nyumba, hakuacha hata picha nzuri, kwa kuwa kila akipigwa picha alifumba macho. Aliacha mbu. Wale mbu kwenye vizimba ndio viumbe hai pekee waliokuwepo duniani kwa sababu yake. Nilitaka waendelee kuwepo, sikutaka kingine chochote.

Nilipotoka eda nikarudi kazini. Kwa muda watu walinipa pole, halafu pole zikaisha, na hilo ni haki yao, kila mtu ana yake. Jioni kabla ya kuondoka nilikuwa nalisha majike. Mbu jike asipopata damu hatagi, na sisi tuliwapa mkono. Usishtuke, mbu waliozaliwa ndani hawana ugonjwa, hawajawahi kumwuma mgonjwa. Unaingiza mkono kwenye kizimba, unakaa kimya, wanatua. Siku nyingi hao ndio walikuwa viumbe pekee walionigusa tangu asubuhi. Nikisema hivyo huwa najicheka, lakini ni kweli na iliuma zaidi ya kuumwa na mbu.

Nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Alikuja wakati wa msiba na hakuondoka. Alifunga nyumba yake ya Mwandiga, akamwachia jirani kuku na michikichi, akaja na godoro lake. Sikumwalika, wala sikumfukuza. Tuliishi kama abiria wawili wa treni waliokosa usingizi: tunaelewana nani anapita wapi, hatuzungumzi. Asubuhi namwamkia, shikamoo mama, anaitikia marahaba, halafu anaongeza mwakeye, salamu ya Kiha, na hapo maneno ya siku yameisha. Jina la mwanawe hatukulitaja. Mimi nilijiambia ananilaumu kwa kukosa mjukuu. Alivyokuwa anajiambia yeye sikuwa na hamu ya kujua.

Kitu kimoja alinipokonya bila kuniomba, nacho ni kuosha bakuli.

Ngoja nieleze hizo bakuli. Ni bakuli za plastiki nyeupe, za kawaida, unazipata soko lolote. Ndani tunatandika karatasi ya chujio, tunatia maji kidogo, tunaliweka bakuli kwenye kizimba, na mbu anataga humo. Mayai yakiangua, viluwiluwi wachanga wanakaa humo humo siku za mwanzo kabla ya kuhamishiwa kwenye masinia ya maabara, na chakula chao ni unga wa dagaa wa Katonga uliosagwa laini kama poda. Kwa hiyo bakuli zinanuka shombo, na shombo la dagaa ukiliacha likalala halitoki. Bomba la kituoni lina tabia zake, leo linatoka, kesho linakohoa tu. Ndiyo maana mume wangu alizoea kuzileta nyumbani akaziosha kwa maji ya moto. Maji matupu. Sabuni haigusi vyombo vya mbu, kwa sababu ikibaki hata utando mdogo kiluwiluwi hawezi kuning'inia juu ya maji apumue, anazama.

Alipofariki nikaziosha mimi. Mama mkwe alipoona narudi nimechoka, siku moja alizichukua mkononi mwangu mlangoni. Nilimwambia kwa ukali, maana mimi nina ukali wa asili, wala sijutii: "Mama, sabuni hapana. Hata tone."

"Ego," alijibu, ndiyo ya Kiha. "Nimesikia."

Na alisikia kweli. Toka siku hiyo bakuli zilirudi mikononi mwangu kavu, nyeupe, hazina shombo hata chembe. Sikumwuliza anaziosha na nini. Zilinukia ndimu kidogo, lakini nyumba nzima ya mwambao huu inanukia ndimu, mikono ya watu inanukia ndimu, noti za sokoni zinanukia ndimu. Ukila samaki kila siku huna njia nyingine.

Haikupita muda mayai yakaanza kukataa.

Kundi la kwanza nikadhani ni bahati mbaya. Nilikuta bakuli limejaa mayai, mengi tu, yamekaa juu ya karatasi, na yote meupe. Nikasubiri. Nikanywa chai, nikarudi, meupe. Kesho yake yalikuwa yamenywea. Kundi la pili vile vile, la tatu vile vile, na vizimba vikaanza kupungua, maana mbu mkubwa haishi sana na wadogo wa kushika nafasi yake hawakuja.

Niliposema kimeng'enya hakifanyi kazi, mkuu wa kituo aliniuliza ni kwa nini. Nikapima joto la chumba. Nikabadilisha maji, ya bomba, ya mvua, ya ziwani yaliyochemshwa. Nikabadilisha sukari tunayowalowekea kwenye pamba. Halafu nikaanza kushuku damu yangu. Nilikuwa nimekonda, nakula kwa kulazimishwa, nalala vibaya. Nikasema labda uchungu umeingia mpaka kwenye damu, na majike wanaunyonya, wanayapa mayai yao uchungu badala ya nguvu. Mtu aliyesoma kuwaza hivyo ni aibu, najua. Nikamweka sungura badala ya mkono wangu. Mayai yakabaki meupe, na mimi nikakosa hata ile shughuli ya jioni. Nikarudisha mkono.

Mkuu wa kituo si mtu mbaya. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema kizazi kile kisipoangua tutafunga vizimba na kuomba mbu kutoka kituo cha mkoa mwingine. Kazi ya dawa haiwezi kusimama. Akaona uso wangu, akajaribu kunituliza. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Mbu ni mbu."

Nilimwambia methali hiyo husemwa na mtu ambaye koleo si lake. Nikatoka bila kuaga. Alinisamehe, au alijifanya hakusikia.

Kikabaki kizimba kimoja, chenye majike wa mwisho. Niliwalisha vizuri, nikawapa siku za kuzalisha mayai tumboni, nikachagua bakuli lililo safi kuliko yote nikawawekea mchana. Sikutaka kukaa pale kulitazama. Nikarudi nyumbani mapema, jua bado liko juu ya milima ya Kongo.

Mama mkwe alikuwa uani anamenya ndizi mbichi alizoletewa kutoka shambani kwake. Sijui nilipatwa na nini, labda kuogopa kukaa chumbani peke yangu, nikavuta kigoda nikashika kisu. Alinisogezea ndizi. Nikawa namenya, nakata, naweka kwenye sinia. Akili iko kituoni. Zile nilizokata mwanzo zikaanza kupata weusi.

"Kwenu Kondoa hamna ndizi?" akauliza.

"Zipo."

"Hazipo. Mngekuwa nazo ungejua." Akachukua nusu ya ndimu, akaikamulia kwenye maji, akazisukumia ndizi zangu humo. "Unaziacha zinakuwa nyeusi kama umezichoma. Ndimu inazizuia."

Ulikuwa utani, na ulikuwa wa kwanza kati yetu tangu msiba. Ningepaswa kuujibu. Lakini kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa nalijua jambo hilo, nimelisoma darasani, nimelifanyia mtihani nikafaulu. Weusi wa ndizi iliyokatwa na weusi wa yai la mbu ni kazi ya vimeng'enya vya ukoo mmoja. Ukali wa ndimu unakizuia kile cha ndizi. Utashindwaje kukizuia na kile cha yai?

Niligeuza shingo polepole. Kwenye kichanja cha vyombo, bakuli zangu zilikuwa zimeanikwa juani zikauke, na pembeni yake kuna maganda ya ndimu yaliyosuguliwa mpaka yakawa laini.

"Mama, hizi bakuli unaziosha na nini?"

"Ndimu." Alinishangaa. "Si ulikataza sabuni? Sasa shombo la dagaa nilitoe na nini?"

"Unazisuuza?"

"Ndimu haisuuzwi, mwanangu. Ukiisuuza shombo linarudi. Unapaka, unaacha ikaukie humo humo."

Niliweka kisu chini. Nilitoka kama nilivyo, na kanga ya nyumbani, nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, na dereva akawa anauliza kama kuna mgonjwa.

Chumba cha mbu kilikuwa na joto lake lile lile. Majike walikuwa wameshataga. Bakuli lilikuwa limejaa mayai meupe. Nililitoa, nikayahamisha kwa brashi kwenye maji safi, lakini mengine yalikuwa yameshaanza kubonyea na najua kazi yangu, najua lililokwisha limekwisha. Majike wengi walikuwa chini ya kizimba, wamemaliza walichokuwa nacho.

Ndipo nikaona pamba. Ile pamba yenye maji ya sukari tunayoiweka juu ya kizimba. Jike mmoja, sijui kwa nini, hakupenda bakuli, akataga kwenye ule unyevu wa pamba. Machache, ya kuhesabika. Yalikuwa meusi.

Nilikaa sakafuni. Meusi tii, yenye afya, kama ya zamani. Hakukuwa na kasoro kwa mbu, wala kwenye damu yangu, wala kwa yeyote. Kila mama pale ndani aliwawekea wanawe kila walichohitaji. Nikayachukua yale machache moja moja, lakini pamba ilikuwa imekauka pembeni, na sukari imeyagandia. Nikayaosha, nikayaweka kwenye maji, nikayafunika. Nililia hapo, kwa sauti, maana kituo kilikuwa hakina mtu. Halafu hasira ikapanda. Njia nzima ya kurudi niliipanga hotuba. Nitamwambia umeua. Nitamwambia umekuja nyumbani kwangu bila kuitwa, ukaniosha kila kitu mpaka kikaisha. Nilitaka aumie kama mimi, nasema ukweli.

Nilimkuta amekaa mkekani, ndizi zimeiva, sahani yangu imefunikwa. Bakuli zilikuwa mapajani mwake, anazifuta kwa kitambaa, moja moja.

"Mama," nikaanza.

"Umeondoka mbio, nikadhani nimekukosea na utani wangu," akasema. Hakuniangalia, aliangalia bakuli. "Mimi sina maneno mengi. Mwana wanje alikuwa akisema mimi na wewe tunafanana kwa hilo."

Nikasimama pale mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mwanawe.

"Vyombo vyake vyote ni safi," akaendelea. "Kikombe chake ninakiosha, ni safi. Sahani yake ninaiosha, ni safi. Hakuna anayevitumia, ninaosha usafi. Hizi bakuli peke yake ndizo zinarudi chafu. Zikirudi chafu naona kama bado anakwenda kazini." Akaipindua ile aliyoishika, akaigonga kidogo kama mtu anayepima nazi. "Kwa hiyo usinionee huruma ukaziosha mwenyewe. Niachie."

Hotuba yangu yote niliiacha pale mlangoni. Nilikaa mkekani, nikafunua sahani, nikala. Ndizi zilikuwa nyeupe, laini, zimekolea mawese, na nilizimaliza. Nikamwambia asante mama. Akasema ego.

Yale mayai meusi ya kwenye pamba nilikwenda kuyachungulia kila asubuhi. Hakutoka kiluwiluwi hata mmoja. Mkuu wa kituo nilimweleza ukweli wote, kazi ni kazi, nikamwomba tu akija nyumbani kusalimia asitaje ndimu. Akaagiza vizimba vioshwe, wakaletwa mbu wa mkoa mwingine, wazima, wakali, wanataga kama mvua. Tukafungiwa na tanki la maji, na sasa vyombo vyote vinaoshwa kituoni, ni amri. Mayai yao yanakuwa meusi kwa wakati wake. Nayaangalia kwa sababu nalipwa. Ukubwa jalala, unabeba na lisilobebeka.

Siku ya kwanza ya mbu hao wageni nilibaki maabara wenzangu walipoondoka. Nikachukua zile bakuli za zamani, safi, ambazo hazina kazi tena. Nikatia unga wa dagaa, nikatia maji, nikakoroga kwa kidole, nikaziacha juani dirishani mpaka zikashika shombo la kutosha. Kisha nikazifunga kwenye mfuko nikaenda nazo nyumbani.

Mama mkwe alizipokea mlangoni. Akafungua mfuko, akanusa, akakunja uso, na nikamwona amefurahi.

"Leo wamefanya kazi kweli," akasema, akanituma ndimu.